KUMFIKISHA CHUONI NA KUMTOA SALAMA
Somo juu ya Wanafunzi Wasio na Uwezo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatangazwapo, furaha na huzuni huingia pamoja katika mitaa yetu. Huzuni ya aliyeshindwa twaijua, na jirani humwendea kumpa pole. Lakini iko huzuni nyingine isiyotangazwa na mtu. Nayo ni ya kijana aliyefaulu, akakubaliwa chuoni, kisha hakufika. Au alifika, akarudi kabla ya mwaka kwisha, begi mkononi, akawaambia majirani kwamba yu likizo. Likizo hiyo haina mwisho. Somo letu la leo ni juu ya kijana huyu wa pili, na juu ya yale yanayowapasa watu wanaomzunguka.

Tuchukue mfano wa Segerea, jijini Dar es Salaam. Watu wa mbali hulijua jina hili kwa ajili ya gereza, na wengine kwa ajili ya seminari kuu ya Wakatoliki iliyopo hapo. Lakini Segerea hasa ni mahali pa watu wa kawaida: mpangaji wa chumba kimoja, mama lishe, fundi seremala, dereva wa bodaboda, mjane anayeuza mboga. Mtu apandaye daladala akapita Tabata, akashika Barabara ya Mandela hadi Ubungo, amekwisha kukaribia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani. Njia ya gari si ndefu. Njia ya mtoto wa muuza mboga kutoka hapo hapo hadi darasani Mlimani ni ndefu sana, nayo ina mashimo manne. Kabla ya kuyataja mashimo hayo, tutazame kwanza msingi wa jambo lenyewe.

MSINGI WA WAJIBU HUU

Kila Mwislamu ajua kwamba neno la kwanza alilofunuliwa Mtume Mtukufu (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma. Ajua pia kwamba Kurani Tukufu humtaja yatima na mhitaji mara nyingi, na kutuonya tusimwonee wala tusimkaripie. Wachache huyaunganisha mambo haya mawili. Tukiyaunganisha, twapata wajibu wa tatu: kumsomesha yatima na mhitaji.

Historia ya Uislamu yatupa mfano mzuri. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, Waislamu walikuwa na mateka kutoka Makka. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Wale wasio na mali, lakini wajuao kusoma na kuandika, waliambiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, na hiyo ndiyo iwe fidia yao. Fikiri, ndugu msomaji. Waislamu wa wakati ule walikuwa maskini, na dinari zingaliwafaa sana. Hata hivyo elimu ilihesabiwa kuwa fidia kamili kama fedha. Tuuweke mfano huu akilini, kwa maana tutaurudia.

Katika zama zetu pia uko mfano. Profesa Abdus Salam, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alizaliwa mwaka 1926 na kulelewa katika mji mdogo wa Jhang, Punjab, katika nyumba isiyo ya kitajiri. Mwaka 1946 alikwenda Cambridge kwa msaada wa masomo. Fedha za msaada huo zilitoka katika mfuko uliokusanywa wakati wa vita. Vita vilipokwisha, zikatumika kuwasomesha watoto wa wakulima wadogo. Mwaka uliofuata nchi iligawanyika, na mpango ule ukafa. Basi mlango ulifunguka muda mfupi tu, na yeye akapita kwa sababu alikuwa tayari. Kisha mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kuwasaidia wanasayansi wa nchi maskini. Hapa pana mafunzo mawili: mlango wa msaada haukai wazi daima, na aliyesaidiwa yampasa kuwafungulia wengine.

NANI ALILIPA JANA, NA NANI HULIPA LEO

Chuo chetu kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache kabisa. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku zile Serikali ilibeba gharama za mwanafunzi, kwa maana taifa lilimhitaji sana kila mhitimu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na likawafungulia mlango watu wazima waliokuwa makazini. Tangu miaka ya 1990 ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama. Ndipo mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi hiyo ikaanza kazi mwaka 2005.

Kwa upande wa sekondari, ada katika shule za serikali iliondolewa hadi Kidato cha Nne tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Hii ni neema kubwa. Lakini yafaa ifahamike kwamba kuondolewa kwa ada hakukuondoa nauli, sare, madaftari, wala njaa ya saa saba mchana. Kadhalika mkopo wa chuo ni deni wala si zawadi, nao hauwi daima wa gharama zote. Wengine hupewa sehemu tu ya ada, na wengine hukosa kabisa.

Sasa tuyatazame mashimo manne.

SHIMO LA KWANZA: LUGHA NA HISABATI

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote. Akiingia Kidato cha Kwanza, karibu vitabu vyote, isipokuwa vya Kiswahili, vimegeuka Kiingereza. Mtoto wa mwenye uwezo amekwisha zoea, kwa kuwa alisoma shule ya Kiingereza au alikuwa na mwalimu wa nyumbani. Mtoto wa mama lishe huingia kama mtu aliyetupwa ziwani kabla ya kufundishwa kuogelea. Wengi hukariri wasichokielewa. Wasipoelewa hisabati na sayansi katika kidato cha pili, milango mingi ya chuo imekwisha fungwa nao hawajui.

Hapa ndipo twarudi kwa wale mateka wa Badr. Katika mitaa ya Segerea wako vijana wanaosoma Mlimani, au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, au chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichoko Chang'ombe. Kila mmoja wao akichukua watoto kumi wa mtaa wake, jioni mbili kwa wiki, kwa Kiingereza na hisabati tu, hapatahitajika jengo wala bajeti. Ukumbi wa msikiti baada ya sala ya Alasiri watosha, na baraza ya nyumba yatosha. Chaki na ubao ni mambo yanayopatikana. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mzima wa kusimamia, ili watoto, hasa mabinti, wafike na kurudi kwa amani, na ili mwalimu kijana asiache baada ya wiki tatu.

Neno moja kwa wazazi wa dini. Mtoto kufaulu masomo ya dini ni heshima kubwa. Lakini vyuo vya cheti na stashahada hutaka angalau masomo manne ya kufaulu katika Kidato cha Nne, na masomo ya dini hayahesabiwi katika manne hayo. Mtoto asome dini kwa bidii, wala asiegemee hapo na kuyaacha mengine.

SHIMO LA PILI: KARATASI

Wengi hudhani kwamba kijana maskini hushindwa kuingia chuo kwa kukosa alama. Ukweli ni kwamba wako wenye alama wanaoshindwa kwa kukosa karatasi.

Tuseme binti mmoja wa Segerea, yatima wa baba, amefaulu vizuri. Anapoomba mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Cheti chake chasema Mwanahamisi, bali cheti cha Kidato cha Nne chasema Hamisa, kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Tena hutakiwa cheti cha kifo cha baba ili uyatima wake uthibitike. Baba alizikwa kijijini miaka tisa iliyopita, na hakuna aliyeandikisha kifo. Hutakiwa pia mdhamini na saini za viongozi wa mtaa. Mama hajui pa kuanzia, na dirisha la maombi lina siku zake. Siku zikipita, mwaka umepita.

Jambo hili laweza kuzuiwa na jirani yeyote ajuaye kusoma, bila kutoa hata shilingi nyingi. Yafanywe haya mapema, mtoto angali Kidato cha Pili au cha Tatu:

(1) Cheti cha kuzaliwa kipatikane, na majina yake yalinganishwe na yale yaliyoandikwa shuleni, kabla hajaandikishwa kwa mtihani wa taifa. Kosa likisahihishwa kabla ya mtihani ni kazi ndogo. Baada ya mtihani huwa viapo, safari na gharama.

(2) Mzazi aliyefariki aandikishwe, na cheti cha kifo kitolewe.

(3) Kaya iliyo katika mpango wa TASAF ihifadhi namba na nyaraka zake, maana ni ushahidi wa uhitaji.

(4) Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ni mlemavu, apate uthibitisho wa daktari anayehusika.

(5) Aliyesomeshwa na mfadhili katika sekondari apate barua ya mfadhili huyo. Asipokuwa nayo, aweza kuonekana mwenye uwezo kwa sababu tu alisoma shule ya kulipia.

(6) Nakala za vyote zihifadhiwe mahali pawili, kwa maana chumba cha kupanga huvuja, na mafuriko hayabagui.

Pamoja na karatasi, kijana asaidiwe kuchagua. Mwaka 2024 tahasusi za Kidato cha Tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Uchaguzi mwingi wataka mshauri. Ajue pia hesabu ya kuingia chuo kikuu: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kima cha chini ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kama vile D mbili, au C na E. Hata hivyo kozi nyingi hutaka zaidi, na hutaja masomo maalumu. Aliyepungukiwa asilie kama aliyefiwa. Aweza kuanza na astashahada, akapanda stashahada, kisha shahada. Aweza kusoma kozi ya maandalizi katika Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu ambao maisha hayakuwaruhusu kukaa bwenini. Aweza kujifunza ufundi VETA, na fundi mzuri ni mtu wa heshima.

Na binti aliyejifungua akiwa shuleni? Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi hao kurudi darasani, na iko pia njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Serikali imefungua mlango. Tusiwe sisi wa kuufunga kwa masengenyo. Mwenye kutubu husitiriwa, na mtoto mchanga hana kosa.

SHIMO LA TATU: MUHULA WA KWANZA

Siku ya kuondoka nyumbani watu humchangia kijana nauli na godoro, humwombea dua, kisha humsahau. Hapo ndipo hatari huanza. Fedha za mkopo huweza kuchelewa. Zikija, huja kwa mafungu. Mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Tupige hesabu. Kwa siku 60 ni Sh. 600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika Sh. 50,000 mara moja sasa ameshika laki sita. Akinunua simu ya laki tatu na kumtumia mama laki moja, zimebaki laki mbili kwa siku 60, yaani Sh. 3,333 kwa siku, kwa chumba, chakula na nauli pia. Haiwezekani. Kufikia siku ya ishirini na tano amekwisha kukopa, na anayemkopesha si rafiki.

Msimlaumu kwa kumkumbuka mama. Huo ni wema. Lakini familia nayo ifahamu kwamba fedha ile ni chakula cha mwanafunzi, wala si mshahara. Mzazi amwambiaye mwanawe, “Sisi tutajitahidi, wewe kula usome,” amempa msaada mkubwa kuliko fedha. Kabla hajaondoka, aketishwe na mtu mzima anayemwamini, waandike bajeti ya siku 60 kwa mkono: chumba kwanza, chakula pili, nauli tatu, nakala za masomo nne, akiba ndogo ya ugonjwa tano. Kinachobaki ndicho chake.

Aliyekosa mkopo, au aliyepata kidogo, aelezwe kwamba liko dirisha la rufaa, na kwamba rufaa hutaka ushahidi na haraka. Chuoni pia yuko mlezi wa wanafunzi, na kazi yake ni kusikia shida kama hizi. Vijana wa nyumba maskini wana haya. Hufa na tai shingoni. Wafundishwe kwamba kusema shida mapema kwa mwenye mamlaka si kuomba omba.

Tena liko jambo la masomo yenyewe. Aliyetoka shule isiyo na maabara hukaa darasa moja na aliyetoka shule yenye kila kitu, na huona kwamba yeye ni mjinga. Huo si ujinga; ni pengo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliotaka kusoma sayansi lakini waliopungukiwa kidogo. Walifundishwa kwanza, ndipo wakaingia. Hekima iliyomo ni wazi: pengo huzibwa kwa mafundisho, halizibwi kwa kumrudisha mtu nyumbani. Nasi twaweza kuiga hapa mtaani. Miezi ya kungoja kati ya mtihani wa Kidato cha Sita na kufunguliwa kwa chuo isipotee. Kijana ajifunze kompyuta, kuandika insha ya Kiingereza, na kurudia hisabati. Na kwa kulipa, awafundishe wale watoto kumi.

SHIMO LA NNE: MWAKA WA MWISHO

Hili ndilo lisilotazamiwa. Mtu hudhani aliyefika mwaka wa tatu amekwisha vuka. Lakini hapo ndipo deni la ada la miaka miwili hudaiwa, na asiyelipa huweza kuzuiwa mtihani au cheti. Kazi ya utafiti hutaka safari na uchapaji. Mazoezi ya kazini hutaka nauli na nguo nadhifu. Na nyumbani mama amechoka, wadogo wamekua, na watu wameanza kusema, “Miaka yote hii, faida iko wapi?” Wengine huacha wakiwa wamebakiwa na muhula mmoja. Ni kama mtu aliyevuka mto, akazama miguu yake ikikaribia mchanga.

Kwa hiyo twashauri jambo hili hasa: mfuko wowote wa msikiti, wa ukoo au wa mtaa usitumie fedha zote katika kumwingiza mwanafunzi chuoni. Utenge sehemu kwa ajili ya kumaliza. Watu ishirini wakitoa Sh. 5,000 kila mwezi, kwa mwaka ni Sh. 1,200,000. Fedha hizo haziwezi kusomesha watoto kumi, ila zaweza kuwavusha wawili au watatu waliokwama muhula wa mwisho. Hesabu iandikwe na isomwe hadharani, lakini jina la msaidiwa lisisomwe. Sadaka inayomwaibisha mtu imepoteza nusu ya thamani yake.

JUU YA DENI

Wako wazazi Waislamu waliosita kuhusu mkopo kwa hofu ya riba. Yafaa wajue kwamba ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa asilimia 6 kwa mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Deni lenyewe limebaki, nalo ni haki. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mwenye kazi ya kujitegemea pia yampasa alipe. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alilichukulia deni kuwa jambo zito sana. Basi mhitimu anayejificha asilipe ajue kwamba anamnyima mkopo binti fulani wa Segerea ambaye hamjui, kwani marejesho yake ndiyo sehemu ya mkopo wa mwingine.

MUHTASARI WA SOMO

Ndugu msomaji, usiseme, “Mimi ni nani, sina mali.” Ukijua kusoma, tafuta watoto kumi. Ukijua ofisi za serikali, msindikize mjane mmoja hadi RITA. Ukiwa na Sh. 5,000, mtoe mtu katika muhula wa mwisho. Ukiwa huna hata hiyo, mpigie simu mwanafunzi wa mtaa wako aliyeko chuoni, umwulize si alama zake tu, bali umwulize, “Umekula, mwanangu?” Wengi waliorudi na begi mkononi hawakuulizwa swali hilo na mtu yeyote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, na atujaalie kuwa sababu ya elimu kwa wengine. Amin.